Mshenga wa Nyumba Moja

Mayige Nkinda wa Dutwa alikuwa mtu wa kinyaa, ila kinyaa chake hakikuwa cha vitu. Aliweza kuingiza mkono mpaka begani ndani ya ng'ombe aliyekwama na ndama, akautoa, akaufuta kwenye majani na kuendelea na habari za mvua kana kwamba alikuwa ameshika unga. Kilichomchefua Mayige ni watu. Mtu akisema neno moja hapa na lingine kule, basi pua ya Mayige inapanda, mdomo unavutika upande mmoja, anageuka pembeni anatema mate, ptuu, halafu anauliza taratibu: "Na huyu naye ana mama yake?" Watu walimcheka sana kwa hilo, ila walihakikisha kwanza yuko mbali.

Kazi ndiyo iliyomharibu, au ndiyo iliyomtengeneza, chagua mwenyewe. Pamba alilima na mpunga alilima kama kila mtu, lakini jina alilipata kwa ushenga. Kijana wa Kimali akitaka binti wa Maswa, wazazi wake walikuja Dutwa kwanza kumwomba Mayige awabebee neno. Naye hakukubali hovyo. Alikuwa na masharti: anaingia nyumba moja tu. Wakikataa, anarudi mara ya pili kuuliza wamekataa kwa nini, asikie kwa masikio yake, aibu isibaki inaning'inia. Akishasikia, ndipo watu wake waruhusiwe kutazama nyumba nyingine. Kabla ya hapo, hata binti apite mbele yao na ndoo ya maji kichwani, hatazamwi.

Kuna tajiri mmoja wa ng'ombe huko Maswa aliyemtuma akampose binti kwa ajili ya mwanawe, kumbe nyuma ya mgongo amemtuma mshenga mwingine nyumba nyingine, ili watakaotaja mahari ndogo ndio washinde. Habari hizo zilimfikia Mayige akiwa ameshakaa ukweni, wali umeletwa, kuku amelala juu yake ananukia. Njaa alikuwa nayo, jamani, alitoka Dutwa alfajiri. Akaisukuma ile sinia, akasimama na kuwaambia wenyeji: "Wazee wangu, aliyenituma ana miguu kwenye nyumba mbili. Sikujua. Nisameheni." Akaondoka. Tajiri yule anamchukia mpaka leo, na Mayige anasema katika chuki zote alizowahi kupewa, hiyo ndiyo nzuri.

Hata mkewe, Eufrasia, binti wa wavuvi wa Mwamanyili, hakumpata kirahisi. Wakwe walimkataa. Akarudi kuuliza kwa nini, wakamwambia hawataki mtu wa ng'ombe, wanataka mtu wa ziwa. Akakaa msimu mzima wa pamba bila kuposa kwingine, kila mwezi anafika kuwasalimia tu, mpaka wakwe wenyewe wakachoka kumkataa. Habari hii aliisimulia kwenye kila harusi, na kila mara Eufrasia aliidakia hapohapo: "Ulikuwa na bahati, mzee. Mwingine angekuwa kapera mpaka sasa." Watu wanaangua kicheko, Mayige hacheki.

Sasa mzee wa namna hiyo ndiye aliyejaliwa mtoto anayetaka uhandisi. Jenipha, kitinda mimba wao, alizaliwa mwaka uleule aliokufa mama yake Mayige, kwa hiyo baba hakuwahi kumwita Jenipha. Alimwita mayu, yaani mama, na akimwita hivyo hata ile pua yake inatulia.

Uhandisi ulimwingia mtoto kwa sababu ya kinu cha pamba. Msimu mmoja mashine za kuchambulia zilikufa, pamba za watu zikalundikwa nje, mvua isiyo na adabu ikanyesha juu yake, na fundi anasubiriwa kutoka Mwanza. Pamba ya Mayige ilikuwemo. Jenipha alikuwa kidato cha pili. Alisimama kwenye uzio akauliza kwa nini fundi asitoke hapahapa kwetu, na hakuna aliyemjibu. Basi akaamua atajijibu mwenyewe. Akachukua fizikia, kemia na hesabu, akazishikilia mpaka kidato cha sita, akatoka na daraja la pili. Ni matokeo mazuri kabisa, ila uhandisi kila mwaka unagombewa na watoto wenye matokeo mazuri kuliko hayo.

Wakati wa kuomba vyuo ulipofika, mwalimu wake wa hesabu, Shigela, alikuja nyumbani. Aliwakuta wanakula.

"Mwadila, baba," akaamkia.

"Mwadila. Nawa mikono, mwalimu."

Shigela akanawa, akala matonge mawili ya heshima, kisha akaanza kwa kuzunguka zunguka. "Mzee, hivi vyuo havichaguliwi kwa kupenda tu. Kuna chuo cha kutamani, kama kile kikubwa cha Dar ambacho kila mtoto wa sayansi anakigombea. Kuna chuo cha saizi yake. Halafu lazima kuwe na chuo cha akiba, ambacho kwa alama zake hawawezi kumwacha. Na akiba si takataka, mzee, hapo ndipo wengi wanapokosea. Kiwe na ithibati ya uhandisi, kiwe na karakana yenye mashine zinazozunguka kweli, na kiwe mahali ambapo hata kikibaki hicho peke yake, mtoto ataenda bila kulia."

Mayige aliacha kutafuna. "Umesema chuo cha nini?"

"Cha akiba."

"Yaani anamwambia huyu nakutaka, anamwambia na yule nakutaka, na huyu wa tatu anamfunika na sahani kama kiporo, wakimkataa wote ndio anamfunua?"

"Baba, ndio utaratibu. Kila mtu anafanya hivyo."

"Kila mtu!" Mayige akageuka pembeni, ptuu. "Mwalimu, mimi nakula, usinitapishe. Nimeingia kwenye nyumba za watu miaka yote hii nikiwa na neno moja mdomoni. Halafu mtoto wangu wa kumzaa akagonge milango mitano kwa wakati mmoja? Msichana wa hivyo kwetu ana jina lake. Malaya. Awe ameshika kalamu, awe ameshika nini, ni malaya tu."

"Mzee!" Eufrasia akasema.

Jenipha alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sahani polepole, akaanza kujifuta vidole. Mwalimu Shigela alifungua mdomo aseme kitu, akamtazama Jenipha, Eufrasia akamkata jicho, akaufunga. Mayige hakuona hata kimoja cha hayo. Alikuwa ananawa mikono kwa nguvu, maji yanaruka, kana kwamba hayo maneno ya akiba yameshikwa kwa vidole.

"Atajaza kimoja," alisema. "Kile kikubwa. Unakitaka, mayu, hukitaki?"

"Nakitaka, baba."

"Basi tumeposa. Tunasubiri."

Wakasubiri. Majina yalipotoka, Jenipha hakuwemo kwenye chuo kile cha Dar. Mtu angedhani Mayige atafoka, lakini wapi, alitulia kuliko siku zote. Kukataliwa kulikuwa shamba lake, alijua pa kuanzia jembe. Akatoa koti lake la ushenga, lile la kahawia lenye viraka kwenye viwiko, akamwambia mkewe alipige pasi.

"Unakwenda wapi?"

"Dar. Nyumba imekataa. Nakwenda kuuliza kwa nini."

"Mzee, kile ni chuo, si kwa akina fulani."

"Kwani hakina watu ndani?"

Eufrasia akaweka pasi chini. "Kabla hujaenda, mtoto ana neno lake."

"Neno gani? La kujaza kwingine?" Eufrasia akanyamaza, na kwa Mayige kunyamaza huko kulikuwa jibu tosha. "Basi alimeze. Hatujasikia bado tumekataliwa kwa nini, tunakimbilia wapi na aibu mgongoni? Nikirudi tutaongea."

Stendi ya Bariadi, Jenipha ndiye aliyembebea begi. Basi likiwa linanguruma, akamshika baba yake mkono wa koti. "Baba, kama kuna chuo kingine ambacho tayari..."

"Mayu, usinichafulie safari."

Akamkabidhi begi. Mayige akapanda, akakaa dirishani, akampungia mkono kwa furaha kabisa. Binti alisimama palepale mpaka basi likatoka, na baba akajisifu moyoni kwamba amelea mtoto anayejua kusubiri.

Dar alilala kwa binamu yake, kesho yake asubuhi akawa getini kwa chuo akiwa na koti lake na jasho lake. Kijana mmoja wa viatu vya kung'aa alimsogelea kama jamaa yake wa siku nyingi. "Shikamoo mzee wangu. Unatafuta nafasi? Uhandisi upo. Tusogee kivulini tuongee."

"Nafasi ya nani?"

"Kuna mtu amechaguliwa ila haji."

"Na wewe ni nani yake?"

Kijana akakonyeza jicho. Kumkonyeza Mayige! Mzee akamtazama kuanzia utosini mpaka kwenye viatu, akatema mate karibu kabisa na kile cha kushoto. "Wewe una mama yako kweli?" Akampita huku anajifuta mdomo, na mgongo wote ulikuwa unamwasha.

Ndani kulikuwa na foleni ya wazazi, nako hakukuwa na nafuu. Mama mmoja aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba alikuwa anasema kwenye simu, kwa sauti ya kusikika mpaka nje, kwamba mwanawe amepata vyuo vinne, sasa wanachambua kama nyanya sokoni, vingine watavitupa. Baba mmoja akamnong'oneza Mayige kwamba yeye amemwambia kijana wake aahidi kote, kuahidi hakuna kodi. Mayige akahama mstari, akaenda kusimama mwishoni kabisa, bora achelewe kuliko kupumua hewa moja na watu wale. Alimshukuru Mungu kwamba mtoto wake hayumo kwenye uchafu huo.

Mwishowe aliitwa, nyuma yake foleni imeshaongezeka tena. Nyuma ya meza alikaa ofisa udahili, dada wa makamo mwenye macho ya kuchoka, kibao chake kimeandikwa Joyness. Mayige alivua kofia, akaketi, akaweka mikono magotini.

"Mimi ni Mayige Nkinda, wa Dutwa, Bariadi. Binti yangu Jenipha alileta neno kwenu, mkamkataa. Sikuja kugombana, wala sikuja kuomba mbadili. Nimekuja kusikia kwa nini, nikawaambie nyumbani, tuachane vizuri."

Joyness akaacha kalamu. Wiki nzima alikuwa ametukanwa, ameliliwa, amebembelezwa, ametajiwa majina ya wakubwa. Mtu wa kuja kukataliwa kwa heshima hakuwahi kumpata. Akaomba namba ya mtihani, akatazama kwenye kompyuta kwa muda. "Hesabu yake nzuri, mzee. Fizikia ndiyo imembakiza nyuma. Waliojaza walikuwa wengi, wakamzidi alama kidogo. Basi. Hana kosa lolote."

"Hakuna doa?"

"Hakuna doa, mzee wangu."

"Wabeja," Mayige alisema, yaani asante, na moyo ukakaa mahali pake. Posa imekataliwa vizuri. Alikuwa ameshashika kofia aondoke, ila ushenga ni ushenga, akaona si vibaya kuulizia nyumba. "Na hao mliowachukua, wote mtawapa viti?"

"Hawaji wote. Wengi wamechaguliwa na kwingine pia. Sisi tunaita watu wengi kuliko viti, maana tunajua sehemu yao wataenda kwingine."

Mayige akakaa tena. "Subiri kwanza, mwanangu. Yaani nyumba hii imeitikia posa nyingi kuliko mabinti iliyonao?"

Joyness akacheka, akaona mzee hacheki, akaacha. "Kama ingekuwa harusi, ndiyo. Lakini si harusi, mzee. Ni shule."

Ni shule. Neno dogo hilo lilimkaa Mayige kooni kama mwiba wa sato. Kwa hiyo kule nje wanadanganya, na humu ndani wanajua wanadanganywa, wameshapiga na hesabu yake, na kila mtu analala usingizi. Ni yeye peke yake aliyekuwa ameshika uaminifu, tena ameushikisha mtoto, kwa nyumba ambayo haikujua hata kama kuna mtu anaisubiri. Alichefukwa na chuo, akachefukwa na foleni, na akichunguza vizuri aliyemchefua zaidi ni yule mjinga aliyepigiwa koti pasi.

"Binti alijaza wapi pengine?" Joyness akauliza.

"Hakujaza pengine."

"Kwa nini?"

Mayige alitafuta jibu. Jibu alikuwa nalo, alilisema kwa sauti nyumbani kwake mbele ya ugali, lakini mbele ya dada huyu lilikataa kutoka.

"Mpigie simu," Joyness akasema upesi. "Awamu ya pili iko wazi, ila nafasi za uhandisi zinaisha haraka. Akichelewa, mwaka huu hana uhandisi. Mpigie hapahapa."

Simu ya Mayige ilikuwa ya kuzeeka, ikipigwa inaongea yenyewe kama redio. Aliye mlangoni anasikia, aliye dirishani anasikia. Jenipha akapokea.

"Mayu, nisikilize. Jaza vyuo vingine. Vitatu, vitano, vyovyote mwalimu atakavyosema. Leo."

Mayige akaitikisa simu.

"Haloo?"

"Nilishajaza, baba."

"Lini?"

"Mwanzoni kabisa, pamoja na hicho cha Dar. Nilijaza na mwalimu kabla hajaja nyumbani. Alikuja kukuambia." Sauti ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Nimechaguliwa Mbeya na Arusha. Uhandisi wa mitambo, kote. Natakiwa nithibitishe kimoja, nisipothibitisha navipoteza vyote. Mwisho leo."

Joyness akainuka nusu kwenye kiti, akawa anamwonyesha Mayige kwa mkono: leo, leo, mwambie. Mayige hakumwona. Pua ilikuwa imeshapanda. Mkewe, mwalimu, na mayu wake, wote watatu walikaa kwenye sinia moja naye wakimtazama anavyojisemesha! Nyumbani kwake mwenyewe!

"Kwa hiyo mlinifanya mjinga."

"Nilitaka kukuambia, baba. Mama alikuambia nina neno. Stendi pia nilianza."

Hilo alilikumbuka, na lilimuuma kwa sababu ni kweli. "Sasa kama umechaguliwa, kwa nini hujathibitisha? Unasubiri nini?"

"Ulisema jina."

"Jina gani?"

"La msichana anayejaza vyuo vingi. Ulilisema nimekaa mbele yako, na nilikuwa nimeshajaza. Nikithibitisha, nakuwa nimelikubali."

Miaka yote hiyo Mayige alibeba maneno ya watu, Kimali, Maswa, Mwamanyili, akayafikisha yakiwa mazima, hakuwahi kudondosha hata moja mahali pasipostahili. Na moja chafu kuliko yote alilipeleka kwa mtoto wake mwenyewe, wakati wa chakula, bila kutumwa na mtu. Alijichukia. Kile kinyaa alichokuwa akiwagawia matajiri na makuwadi kilimrudia chote kwa mara moja, kikajaa mdomoni, na safari hii hakukuwa na pembeni pa kugeukia.

"Mzee," Joyness akanong'ona, "mwambie athibitishe. Mtandao unazidiwa jioni."

"Hilo baadaye," Mayige akasema. "Kuna la kwanza."

Akasimama. Wazazi waliokuwa mlangoni wakasogea kuona kuna nini, yule mama wa miwani ya jua, aliyekuwa ameshahudumiwa ila bado yuko na simu yake, akiwa mbele. Mayige akajiweka koti sawa.

"Jenipha," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina hilo tangu azaliwe. "Lile neno nimelirudisha. Halikuwa lako. Hukufanya kitu cha kuitwa hivyo. Ulitafuta mahali pa kusoma, basi. Mdomo wangu ndio ulikuwa mchafu. Nimekukosea mimi baba yako, na ninasema nimesimama, kuna watu hapa wananisikia."

Kwenye simu kulikuwa na mtu anapenga kamasi, kisha minong'ono, kisha Jenipha akarudi.

"Baba, mama yuko hapa. Anasema hakusikia vizuri, urudie."

Foleni nzima ilimtazama. Mayige Nkinda, aliyeacha kuku juu ya wali asirudie neno la mtu mwongo, akameza mate, akainua simu karibu na mdomo ili Dutwa nzima isikie, akarudia yote tangu mwanzo, jina kwa jina, kosa kwa kosa, bila kuruka. Alipomaliza, Jenipha akamwambia ameshathibitisha, ni Mbeya.